Mraba, mstatili, rombasi au trapeza? Ulinganisho wa maumbo ya pande nne kwa anayepima kiwanja, shamba au mzinga

Ardhi ya Tabora ni tambarare mno kiasi kwamba ukiwa na kamba na vigingi vinne unaweza kupiga umbo lolote la pande nne bila kilima kukupangia. Hapo ndipo watu wanapokwama. Mwanafunzi anaombwa ataje tofauti ya rombasi na msambamba, anaishia kuchora kitu kilekile mara mbili. Mtu anayenunua shamba Uyui anaambiwa "hatua sabini kila upande, heka kamili hiyo," naye hana la kuuliza. Mfugaji nyuki wa Sikonge anaulizwa na seremala kama anataka mzinga wenye mbavu wima au mbavu zilizoinama. Wote hao wanachagua ndani ya kundi moja la maumbo sita: mraba, mstatili, rombasi, msambamba, trapeza na tiara. Kuna la saba ambalo vitabu hulipita haraka, nalo ni pembenne isiyo na jina, ingawa mitaani ndilo lililojaa kuliko yote.

Vigezo vya kulinganishia

Nitayaweka yote kwenye vigezo vinne. Cha kwanza ni pande na pembe. Cha pili ni mishazari, yaani mistari ya kutoka kona moja hadi kona inayoitazama, ambayo mafundi huipima kwa kusema "kona kwa kona". Cha tatu ni eneo, pamoja na idadi ya vipimo unavyohitaji kabla hujaweza kulikokotoa. Cha nne ni namna umbo linavyokaa kazini: je, linashika pale lilipowekwa, na kulikata au kulipiga ardhini kuna usumbufu gani?

Idadi ya mihimili ya ulinganifu naiacha. Inapendwa sana kwenye mitihani, lakini haijawahi kumsaidia mtu kuchimba msingi.

Pande na pembe

Yote sita, na la saba pia, yana pembe za ndani zinazojumlika kuwa nyuzi 360. Chora mshazari mmoja tu utaona sababu: umepata pembetatu mbili, kila moja ina nyuzi 180. Baada ya hapo kila umbo linaleta masharti yake.

Mstatili unataka pembe zote nne ziwe nyuzi 90. Pande zinazotazamana zinajikuta zimelingana zenyewe. Rombasi inataka pande zote nne zilingane, pembe hazijali. Mraba unataka yote mawili, kwa hiyo kila mraba ni mstatili na kila mraba ni rombasi. Watoto wengi hukataa jambo hili kwa nguvu, kwa sababu wamezoea kuuona mstatili kama kitu kirefu, lakini hakuna kwenye masharti ya mstatili panapokataza urefu na upana kuwa sawa.

Msambamba ni mpole zaidi. Unataka tu kila jozi ya pande zinazotazamana iwe sambamba. Kutokana na hilo unapata pande zinazotazamana zenye urefu sawa, pembe zinazotazamana zinazolingana, na pembe mbili za jirani zinazotimiza nyuzi 180. Mstatili, rombasi na mraba wote wamo ndani ya familia hii. Trapeza inadai jozi moja tu ya pande sambamba. (Vitabu vingine husema "angalau jozi moja", na hapo msambamba nao unahesabika kuwa trapeza. Fuata kitabu cha mwalimu wako, usigombane naye.) Tiara iko pembeni ya ukoo: pande zake zinalingana mbilimbili, ila zinazolingana ni za jirani, kama kile kishada cha karatasi ambacho watoto hurusha msimu wa upepo. Pembe zake mbili za ubavuni zinalingana.

Sasa jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingefundishwa mapema kuliko yote. Masharti yakizidi, vipimo vinapungua. Mraba ukishaujua upande mmoja umeujua wote. Mstatili unahitaji vipimo viwili. Rombasi nayo viwili, upande na pembe. Msambamba vitatu, na tiara vitatu. Trapeza inahitaji vinne. Pembenne isiyo na jina inahitaji vitano. Kiwanja kina pande nne tu, kwa hiyo mtu aliyekupimia pande nne za kiwanja cha ovyoovyo amekupa vipimo pungufu kwa kimoja, hata kama tepu yake ni mpya na hakukosea hata sentimita.

Mishazari

Kipimo hicho cha tano huwa ni mshazari. Ndiyo maana kigezo hiki nakipa uzito kuliko vingine: pande zinaweza kukudanganya, mishazari hudanganya kwa nadra sana.

Kwenye msambamba, mishazari inakatana katikati, kila mmoja ukigawanya mwenzake nusu kwa nusu. Basi. Haina lazima ya kulingana wala kukatana kwa pembe ya nyuzi 90. Mstatili unaongeza kwamba mishazari yake ina urefu sawa. Rombasi inaongeza jingine: inakatana kwa nyuzi 90, ila si lazima ilingane urefu. Mraba una vyote. Kwenye tiara mishazari inakatana kwa nyuzi 90, lakini ni mmoja tu unaomgawanya mwenzake katikati; ndiyo njiti mbili za kishada, ile fupi inafungwa juu kidogo ya katikati ya ile ndefu. Trapeza ya kawaida haitoi ahadi yoyote ya namna hii, isipokuwa ile yenye miguu sawa, ambayo mishazari yake inalingana.

Hapo penye trapeza ya miguu sawa pana mtego. Chukua msingi wa nyumba wa mita 12 kwa 9. Fundi anavuta tepu kona kwa kona na anatakiwa apate mita 15 pande zote mbili, kwa sababu 9, 12 na 15 ni ile 3-4-5 ya mafundi (pembetatu yenye pande hizo ina kona ya nyuzi 90) ikizidishwa kwa tatu. Akipata 15 na 15, kona ziko skwea. Lakini mafundi wengine hawaangalii namba, wanaangalia kama mbili zimelingana tu. "Mzee, kona kwa kona imekubali," na zege linaanza kumwagwa. Sasa tuseme kigingi cha nyuma kilisogezwa kidogo kila upande, ukuta wa mbele ukabaki mita 12 na wa nyuma ukawa mita 11.4, mbavu zikiwa 9 na 9. Mishazari itakuwa mita 14.76 na 14.76. Imelingana barabara, na nyumba ni trapeza. Utakuja kuligundua siku ya kupandisha kenchi, pale kenchi za nyuma zitakapozidi ukuta kwa sentimita 60.

Kwa hiyo kwa mstatili hakikisha mambo mawili kwa mpigo: pande zinazotazamana zimelingana, na mishazari imelingana. Moja peke yake halitoshi. Pande zikilingana bila mishazari kulingana, una msambamba. Mishazari ikilingana bila pande, huenda una trapeza.

Eneo

Tuanze na uzio wa mita 40, kwa sababu nyaya na nguzo zinauzwa kwa urefu, wakati mazao yanakaa kwenye eneo. Ukiupiga mraba, mita 10 kila upande, unapata mita za mraba 100. Mstatili wa 12 kwa 8 unatoa 96, ambayo si hasara ya kulilia. Mstatili wa 16 kwa 4 unatoa 64. Rombasi yenye pande za mita 10 na pembe kali ya nyuzi 60 inatoa karibu 86.6, ukiilaza zaidi hadi nyuzi 30 inabaki 50. Msambamba wa 12 kwa 8 wenye nyuzi 30 unabaki na 48, nusu kamili ya mstatili wenye pande zilezile. Uzio ni uleule wa mita 40 katika yote haya. (Wazee waliojenga msonge walikuwa wanazishinda pande nne zote: duara la mzunguko wa mita 40 linafunga mita za mraba 127 hivi. Tatizo la msonge linaanza pale unapotaka kuingiza kabati.)

Sasa turudi kwa yule wa Uyui. Heka, yaani ekari, ni mita za mraba 4,047, na hesabu ya hatua sabini kwa sabini imesimama juu ya mtu mzima mwenye hatua ya sentimita 91 hivi. Hesabu hiyo si mbaya hata kidogo, lakini ina sharti ambalo halitamkwi: shamba liwe mraba. Likiwa na hatua 70 kila upande huku kona zimelala kwa nyuzi 60, umeuziwa rombasi. Eneo lake ni hatua za mraba 4,244 hivi badala ya 4,900. Umepoteza zaidi ya 650, karibu asilimia 13 ya hela yako, na muuzaji hakusema uongo kuhusu upande wowote. Dawa yake haihitaji kifaa: tembea kona kwa kona. Mraba wa hatua 70 una mshazari wa hatua 99, huku na huku. Rombasi niliyoitaja ingekupa hatua 70 upande mmoja na 121 upande wa pili, tofauti ambayo hata mtu asiyejua kuandika ataihisi miguuni.

Kanuni zenyewe hazina makuu. Mstatili ni urefu mara upana. Msambamba ni kitako mara kimo, na kimo ni umbali wa wima kati ya pande sambamba, si urefu wa ubavu ulioinama. Makosa mengi ya madaftarini yanatoka hapo. Rombasi na tiara: zidisha mishazari miwili, gawa kwa mbili. Kishada chenye njiti za sentimita 60 na 40 kinataka karatasi ya sentimita za mraba 1,200 kabla ya kukunja pindo. Mraba unakubali kanuni hiyohiyo. Trapeza: jumlisha pande mbili sambamba, gawa kwa mbili, zidisha kwa kimo.

Hiyo ya trapeza ina ndugu yake wa kughushi. Wapo wapimaji wanaojumlisha pande mbili zinazotazamana na kugawa kwa mbili, wakafanya hivyo kwa jozi ya pili, kisha wakazidisha majibu. Wamisri wa kale walikuwa wanaitumia njia hii kwenye mashamba. Inatoa jibu sahihi kwa mstatili tu. Kwa umbo jingine lolote jibu linazidi eneo la kweli, halipungui kamwe. Trapeza yenye pande sambamba za mita 30 na 20 na miguu ya mita 13 kila mmoja ina kimo cha mita 12, hivyo eneo ni 300. Njia ya wastani inakupa 25 mara 13, yaani 325. Muuzaji ataipenda njia hiyo, wewe mnunuzi ikatae.

Linavyokaa kazini

Hakuna umbo la pande nne linalojishika lenyewe. Pigilia mbao nne kwa msumari mmoja kila kona, sukuma kona ya juu, mstatili wako unalala na kuwa msambamba huku pande zikiwa zilezile. Geti la mbao likishuka kichwa baada ya masika mawili ndicho linachofanya. Tiba ni kuligawa kuwa pembetatu mbili kwa mbao ya mshazari, ianzie chini upande wa bawaba ipande hadi juu upande wa komeo, ili uzito wa geti uikandamize badala ya kuivuta itoke. Ukiiweka kinyume, misumari ndiyo itakayobeba kila kitu. Katika hili mraba, mstatili, rombasi na wenzao wako sawa, hakuna wa kujivuna.

Tofauti inaonekana kwenye kukata. Mraba na mstatili unakatwa kwa skwea, na mabaki yanatumika kwingine. Vigae, matofali, mabani ya kukaushia tumbaku, vyote vimeng'ang'ania nyuzi 90 kwa sababu hiyo. Rombasi na msambamba navyo hujaza sakafu bila kuacha pengo, na vinapendeza, ila pembezoni mwa chumba utakata kila kigae na utalipa kwa ajili ya vipande vinavyotupwa. Tiara ni ya urembo na ya kurusha. Sijaona sababu ya kuijengea ukuta.

Trapeza ndiyo inayodharauliwa bure. Mtaro wa maji wenye mbavu wima kwenye udongo wa kichanga unaporomoka; ukiinamisha mbavu, juu pana chini pembamba, udongo unatulia. Na kwenye nyuki ndipo ubishi wake unaponoga. Mzinga wa viunzi vya juu (vijiti vinavyolazwa juu ya mzinga ili nyuki waning'inize sega) unaojulikana kama wa Kenya una mbavu zilizoinama, ukiukata kwa upana unaona trapeza. Ule wa Tanzania una mbavu wima, unaona mstatili. Nyuki hujenga sega likining'inia na kupungua upana kuelekea chini, hivyo wanaoutetea ule wa trapeza husema sega haligandi sana kwenye mbao na linatoka bila kuraruka. Wanaoutetea wa mstatili wanataja nafasi na useremala. Tuseme juu ni sentimita 44, chini 22 na kimo 30: trapeza inatoa sentimita za mraba 990 za sega kwa kila kiunzi, wakati mstatili wa 44 kwa 30 unatoa 1,320. Na mbao za mstatili hazidai fundi anayejua kukata mlalo ulio sawa pande zote mbili. Wote wana hoja, inategemea una seremala wa namna gani.

Uchague lipi, kwa hali yako

Ukiwa unajenga nyumba au bani na kiwanja kinaruhusu, mstatili ndio utakaokusumbua kidogo: vipimo viwili, mshazari wa kuhakikishia, na mabati yasiyohitaji kukatwa kwa ncha. Usiulazimishe uwe mraba ili kuokoa uzio. Kati ya 100 na 96 hakuna cha kumnyima mtu veranda.

Mwenye nyaya chache na ardhi ya kutosha, mfano bustani ya mboga au zizi, aende kwenye mraba, au karibu nao kadiri inavyowezekana.

Kama kiwanja chako kinafuata reli au barabara inayopita kwa kuinama, na Tabora ni njia panda ya reli za kwenda Dar es Salaam, Kigoma na Mwanza, usishindane na mpaka. Ukubali msambamba au trapeza kama umbo la kiwanja, nyumba uipige mstatili ndani yake, na kona kali zinazobaki zipewe mti wa mwembe, tangi la maji au choo cha nje. Mtu anayenyoosha ukuta wa nyumba ufuate mpaka ulioinama anapata vyumba ambavyo kitanda hakigusi kuta mbili kwa pamoja.

Mfugaji mwenye seremala mzuri na anayevuna kwa kutoa sega zima ajaribu trapeza. Anayetengeneza mizinga mwenyewe kwa msumeno wa mkono, au anayetaka mingi kwa haraka, abaki na mstatili.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, anza na mishazari badala ya kukariri picha. Jiulize mambo matatu: inagawanyana katikati? Inalingana? Inakatana kwa nyuzi 90? Ndiyo kwa yote ni mraba. La kwanza na la pili tu, mstatili. La kwanza na la tatu, rombasi. La kwanza peke yake, msambamba. Ukipata la tatu huku mmoja tu ukimgawanya mwenzake, ni tiara. La pili peke yake halitoshi kukupa jina: tafuta jozi ya pande sambamba kabla ya kuandika trapeza.

Na ukiwa unanunua kipande ambacho hakiingii kwenye jina lolote, usikipe jina kwa nguvu. Pima pande zote nne na mshazari mmoja, kisha kokotoa pembetatu mbili kwa kanuni ya Heron: nusu ya mzingo, uizidishe kwa tofauti yake na kila upande, halafu kipeuo cha pili. Kiwanja chenye pande za mita 13, 14, 9 na 12, na mshazari wa mita 15 unaotenganisha zile mbili za kwanza na zile mbili za mwisho, kina pembetatu ya mita za mraba 84 na nyingine ya 54. Jumla ni 138. Njia ya wastani ingekuambia 143. Mkiandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, urefu wa huo mshazari uandikwe kwenye mkataba pamoja na pande nne, maana bila huo mpaka unaweza kusogezwa kesho na pande zote zikabaki kama zilivyoandikwa.